Tanbihi za Frateri

Tulipofungua steshenari zetu, mimi upande huu wa barabara ya stesheni na jirani yangu upande ule, wateja hawakuwa na sababu ya kuchagua. Wote wawili tulichapa barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi na mikataba ya wakulima wa tumbaku wa Urambo. Kisha mume wake akamletea kompyuta mpya kutoka Dar es Salaam, yenye programu ya kuandikia iliyolipiwa. Yangu ilikuwa ya bure, ile inayotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote na kila mtu anaruhusiwa kuichukua. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Nikibofya faili, mteja alingoja hadi macho yake yakahamia ng'ambo. Niliyachukia macho yale.

Siku moja alikuja frateri, mwanafunzi wa seminari kule Kipalapala, na tasnifu yake kwenye flashi. Nilipoifungua, tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, zilikuwa zimehamia kurasa zisizo zake. Nikazirudisha kwa mkono. Nilipohifadhi na kufungua tena, zikahama tena. Frateri alivumilia kwa adabu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usisumbuke. Naomba nijaribu pale ng'ambo."

Nilimtazama akivuka. Hakukawia kutoka na karatasi zake kifuani, na jirani akamsindikiza hadi mlangoni wakicheka. Aliponiona akanipungia mkono. Nikampungia na mimi, huku roho ikiniuma.

Mchana huohuo niliingia kwenye jukwaa la mtandaoni wanakoandika watumiaji wa programu ile. Nilidhani niko peke yangu, kumbe malalamiko yamejaa: huyu inamgandia, yule majedwali yake yanakatika, mwingine anadai kitufe ambacho wenzake wanacho. Karibu wote waliitaja ile ya kulipia, jinsi mke anavyomtaja mke mwenzake. Nikajisikia nyumbani. Nikaandika yangu kwa Kiingereza cha sekondari, bila kubembeleza, kwamba programu yao inaninyang'anya wateja.

Alinijibu mtu wa nchi ya mbali, mmoja wa wanaoitengeneza. Hakukasirika. Aliomba faili lenye kasoro, nikamtafuta frateri, akaniruhusu kutuma sura moja ya tasnifu yake. Yule mtu akawa ananiuliza maswali, mimi najibu, ananitumia matoleo ya majaribio, nami nayajaribu kati ya mteja na mteja. Kuhusu uzito wa kufungua, aliniambia wazi kwamba kompyuta yangu imechoka. Lakini tanbihi, akaandika, kosa ni letu.

Toleo jipya lilipotoka, tanbihi zilitulia mahali pake. Kwenye maelezo ya marekebisho kulikuwa na mstari mmoja kuhusu kosa lile. Niliusoma nikarudia, nikajiona kama programu nzima ni yangu.

Hapo ndipo jirani alipovuka barabara. Kibali cha programu yake kilikuwa kimeisha, na biashara ya mumewe ilikuwa imeyumba.

"Dada, nasikia yako siku hizi haisumbui," alisema. "Nisaidie na mimi kuiweka."

Nilitamani kumwambia haiwezekani. Lakini ni ya wote, na hata nikikataa angeipata mwenyewe. Nikaenda, nikamwekea. Kwenye kompyuta yake ilifunguka papo hapo, kabla sijaondoa kidole. Akafungua kazi ya mteja yenye tanbihi tele, akaishusha hadi mwisho, hakuna iliyohama.

"Mbona nzuri hivi?" akasema. "Wewe ulikuwa unalalamikia nini?"

Sikumwambia habari za yule mtu wa mbali, wala za sura ya frateri, wala za mstari ule. Alinipa soda, nikainywa nimesimama nyuma ya kiti chake. Kazi yangu ilikuwa mle ndani ya mashine yake, nayo ilipendeza kule kuliko ilivyowahi kupendeza kwangu.