Utando wa Tezi ya Rajabu

Naona haya hata leo kusema kwamba niliwahi kupiga magoti barabarani karibu na soko la Jabe, nimevaa koti jeupe la laboratwari, nikipekua taka mbele ya wanajeshi wawili na nusu ya watu wa mtaa wetu wa Bwiza, nikitafuta kipande cha shingo ya jirani yangu.

Chanzo ni usafi. Mimi ni mtoto wa mwenye bucha, na baba alinifundisha kwamba nyama haimfikii mteja kabla ya kuondolewa utando. Sasa, vita imepamba moto, nina mwezi mmoja tu wa kujifunza kazi ya laboratwari hospitalini (walionitangulia walikuwa wamekimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka), ikaletwa tezi iliyotolewa shingoni mwa Rajabu, fundi magari wa mtaani kwetu, aliyekuwa na uvimbe pande zote mbili, na daktari alitaka kujua kama ni kifua kikuu au kansa. Nikaiona imezungukwa na utando na mafuta, nikaona aibu kumpa daktari kitu kichafu vile, nikashika kisu nikaimenya mpaka ikang'aa.

Daktari aliitazama mbele ya wanafunzi wake wa udaktari.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Nimesafisha, Dokta." (Nilisema kwa fahari, Mungu anisamehe.)

Hakupiga kelele. Alieleza, na maneno yake yakanisisimua hadi nikasahau kuogopa: seli nyeupe, askari wa mwili, hazijui njia zenyewe, kuna seli nyingine zinazojenga utando ule na wavu ulioshikamana nao ndani ya tezi, na hizo ndizo zinazowaita askari, kuwalisha na kuwaonyesha pa kukutana na adui.

"Nikiona wavu umeharibika vipi, ndipo najua ni ugonjwa gani," alisema. "We umeniletea askari bila mji."

Taka zilikuwa zimeshaondoka kwa mkokoteni kwenda kuchomwa. Nikatoka mbio, na wakati huu wa vita mtu anayekimbia haachwi apite hivi hivi. Nilipoufikia tu mkokoteni, wanajeshi wakatusimamisha, mimi na msukuma mkokoteni, wakaamuru kila kitu kimwagwe chini.

"Unatafuta nini?"

"Utando wa tezi, chef."

"Tezi ya nani?"

"Ya mi," ikajibu sauti nyuma yangu. Rajabu mwenyewe, bandeji shingoni, akirudi nyumbani. "We mutoto ya bucha, umenifanya mushikaki?"

Watu wakacheka, mwanajeshi mmoja akageuka pembeni kuficha meno. Lakini nikaupata, vilevile nilivyokuwa nimeuvingirisha vizuri kwenye kipande cha bandeji kabla ya kuutupa, kama tunavyowafungia wateja mifupa ya kulisha paka.

Nusu ilikuwa imekauka. Iliyobaki daktari aliitengeneza, na siku ilipokuwa tayari akaniita kwenye darubini, nikauona wavu kwa macho yangu, uzi kwa uzi, na mahali ulipovurugika. "Kifua kikuu," alisema, kisha akaongeza, "labda."

Rajabu akaanza dawa. Tangu hapo simenyi kitu chochote. Hata nyumbani baba analalamika kwamba nyama yangu ina utando.

Uvimbe uliobaki ulipungua kidogo, kisha ukasimama. Daktari anataka kuutoa nao, aupime upya. Rajabu ametoa sharti moja: siku hiyo mi nisionekane laboratwari. Daktari naye hana mtu mwingine wa kuandaa tezi.