Unyayo wa Dubu Chini ya Mkate

Kwa miaka thelathini na miwili Mengia Cadisch alitunza funguo za Ngome ya Crestalva, na miaka yote hiyo alimdanganya mwenye ngome.

Kila Septemba Bwana Gaudenz, wa mwisho katika ukoo wa makabaila wenye ngome hiyo, alipanda mlima na fimbo yake kutafuta jiwe moja tu: lile lililochongwa unyayo wa dubu, nembo ya ukoo wake, lililokuwa juu ya lango. Lilipotea zamani, wanakijiji walipowatimua wazee wake na kubomoa nusu ya ngome. Kijiji kizima kimejengwa kwa mawe yale, zizi baada ya zizi, michongo imegeuziwa ndani. Hakuna anayesema. Ukimtaja jirani leo, kesho utaulizwa habari za ukuta wako.

Ila babu wa babu yake Mengia, kwa pupa yake, alilitandika jiwe la lango kwenye sakafu ya tanuri la mkate, mchongo juu! Tangu siku hiyo kila mkate wa kina Cadisch umetoka na unyayo wa dubu chini yake. Ikabidi waukwangue kwa kisu kabla mgeni hajauona. Kijijini walisemwa ni wachoyo, hata ganda la mkate hawampi mtu.

Septemba hii Bwana Gaudenz, mwenye miaka themanini na minne, alikuja kuaga. Kesho yake angehamia nyumba ya kutunzia wazee mjini Chur.

"Basi, jiwe limenishinda," alisema, amekaa kwenye ngazi za lango akihema. "Nitakufa sijalipata."

Mengia aliona aibu hadi masikio yakamchemka. Akamkaribisha chakula cha mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akatangulia jikoni kwake. Kaka yake, Risch, alikuwa anakata nyama kavu.

"Mbona hushiki kisu?" Risch alinong'ona alipouona mkate haujakwanguliwa. "Wewe usithubutu! Unataka kijiji kizima kitutenge?"

"Na kitutenge. Mzee wa watu nimemdanganya vya kutosha."

"Mzee wa watu! Wazee wake walimfunga mzee wetu kwa kuwinda sungura mmoja!"

"Na sisi tumeokea mkate juu ya jina lao mpaka leo. Hujashiba tu?"

Bwana Gaudenz alipoketi, Mengia aliweka supu ya shayiri, kisha mkate, chini juu.

Mzee alivaa miwani. Akapitisha kidole kwenye unyayo, ukucha mmoja baada ya mwingine. Risch aligeukia dirishani.

"Bibi yako," mzee alisema hatimaye, "alinipa kipande cha mkate huu nikiwa na miaka sita. Nilipotea msituni, nalia njaa. Siku hiyo alisahau kukwangua."

Mengia alijikuta ameketi. "Kumbe unajua siku zote! Sasa miaka yote hii ulikuwa unatafuta nini, bwana?"

"Tangu siku ile hakuna nyumba hapa iliyonifungulia mlango. Nilikuwa nangoja mtu aseme karibu."

Akaumega mkate. Risch, bado amenuna, alimsogezea siagi.