Ng'ombe Weupe wa Uwanja wa Ndege

Shuleni ninakofundisha, wageni wakubwa wakikaribia, mwalimu mkuu huagiza mawe ya njiani yapakwe chokaa. Wenzangu huona ni usafi. Mimi harufu ya chokaa mbichi hunifukuza; nitatafuta kisingizio chochote, hata cha kusahihisha madaftari niliyokwisha kusahihisha, mradi nisiwe karibu na ile ndoo. Leo nitakuambia sababu, na naomba unisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Miaka ya tisini tuliishi nje ya Kitengela, mbele ya Noonkopir, mahali ambapo siku hizo pundamilia walikuwa wengi kuliko watu. Baba alikuwa ametoka Machakos kutafuta kazi, akapata ya kutunza uwanja mdogo wa ndege wa shule moja ya urubani. Uwanja wenyewe ulikuwa ukanda wa udongo uliofyekwa nyasi, basi. Alifukuza wanyama ndege ikikaribia kutua, na kufukia mashimo yaliyochimbwa usiku na muhanga, yule mnyama mla mchwa. Shimo likikosa kufukiwa siku hiyo hiyo, alilizungushia mawe yaliyopakwa chokaa ili rubani alione kutoka juu na kulikwepa.

Mwalimu wa shule hiyo alikuwa mwanamke wa Kimaasai aliyeitwa Sein. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na alitembea kama mtu anayefuata ndama aliyetoroka. Wanafunzi wake, vijana wa Nairobi wenye miwani ya jua, walimwogopa kuliko walivyoogopa kuanguka. Sisi tulimjua kwa jambo jingine. Mito ikijaa, na mtu akiumwa na nyoka au mama akishindwa kujifungua, watu walimwendea yeye. Aliruka hata mawingu yakiwa yamekalia vilima, akatua kwenye malisho ya mbuzi, akampeleka mgonjwa hospitalini. Akipita kwetu tuliinamisha vichwa, jinsi watoto wa huko wanavyosalimu wakubwa, naye alitugusa utosini mmoja mmoja, hata sisi Wakamba.

Mchezo wetu watoto ulikuwa wa ng'ombe wa mawe. Kila mmoja alikuwa na boma lake la vijiti vya miiba, na mawe ndiyo yalikuwa mifugo. Rafiki yangu Nashipai alikuwa na kundi la kuonewa wivu. Mawe yangu yalikuwa ya kahawia, na alipenda kuniambia kwamba yamekondeshwa na ukame. Jioni moja, nikiwa na miaka tisa, niliona mawe sita meupe mwisho wa uwanja, yamezunguka shimo. Mimi niliona ng'ombe sita wanono. Niliwabeba wawili wawili ndani ya sketi hadi nyuma ya jikoni letu. Shimo nililiona, wacha nisidanganye. Nilijiambia Baba atalifukia asubuhi.

Asubuhi Mwalimu Sein alirudi kutoka Loitokitok mapema kuliko alivyotarajiwa, yeye na mwanafunzi mmoja. Nilikuwa nanywa uji. Nilisikia kishindo, kisha mlio wa bati linaloraruka. Tulipofika, ndege ilikuwa imelala ubavu, gurudumu limekatikia kwenye lile shimo, petroli ikichuruzika, na Mwalimu alikuwa ameshatoka, mkono mmoja ukining'inia. Kijana alikuwa amebanwa ndani, analia. Baba alimsihi Mwalimu asirudi. Alirudi, akakata mkanda kwa kisu, akamvuta kijana nje kwa mkono mmoja. Ndege haikushika moto, lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba haitashika.

Siku ya pili mwenye shule alifika na wanaume wawili walioandika kila neno. Uwanja ulikuwa umekanyagwakanyagwa na watu waliokuja kushangaa. Walimsimamisha Baba uani kwetu wakamuuliza kama aliweka alama.

"Niliweka," Baba alisema. "Juzi jioni, na hii mikono yangu."

"Sasa ziko wapi?"

Baba aligeuka kuutazama uwanja. Kazi ilikuwa inamponyoka, pamoja na nyumba tuliyokaa na shule niliyosomea. Mimi nilikuwa nyuma ya jikoni, mbele ya boma langu, nikisikia kila neno.

Hapo ndipo Mwalimu Sein alipopita, mkono ukiwa kwenye plasta, akienda kunywa maji mtungini. Akayatazama mawe. Akanitazama.

"Hizi ng'ombe ni zako?"

Niliinamisha kichwa kwa sababu sikujua la kufanya. Alinigusa utosini kwa vidole vilivyochomoza kwenye plasta, akarudi uani bila kunywa maji.

"Wachaneni na Baba Mutheu," nilimsikia akisema. "Alama zilikuwa. Niliziona nikadhani nitazipita. Makosa ni yangu."

Baba akabaki na kazi. Mwalimu hakupewa ndege tena. Alihamia Namanga kuwajazia madereva wa malori makaratasi ya forodha, na wagonjwa wetu wakarudi kubebwa kwa mkokoteni wa punda. Mimi niliyatupa mawe chooni, moja moja. Mama alikuwa na msemo wake tulipomficha funza vidoleni: mficha maradhi kifo humuumbua. Kila alipousema nilidhani amenijua.

Baba naye alibadilika. Alianza kurudi njiani kuhakikisha amefunga mlango. Akienda dukani kununua kiberiti, alitembea akikariri, "Kiberiti, kiberiti," na sisi tulimcheka. Nami nilicheka.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa tayari mwalimu, nilipanda basi hadi Namanga. Nilimkuta Mwalimu Sein kwenye ofisi ya mabati, nywele zimeingia mvi. Nilimwambia yote nikilia. Alinisamehe kabla chai haijapoa.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Na baba yako, ulimwambia?"

Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nilipomwambia, aliweka kikombe chini.

"Kila Disemba alikuwa ananitumia kuku na dereva wa lori," alisema. "Na barua. Ati hajui alisahau aje kuweka hayo mawe. Ati alifika kwa shimo akapata hakuna kitu, na mimi nikamfunika. Nilimwandikia hakusahau. Hakuniamini."

"Mbona hukumwambia ni mimi?"

"Hiyo ilikuwa yako ya kusema, Mutheu."

Nilikuwa nimesafiri kumwomba msamaha mtu niliyedhani ndiye nimemkosea zaidi. Kumbe aliyeumia zaidi nilikuwa nakula naye meza moja. Baba aliyaweka mawe yale vizuri kabisa, na mtu pekee aliyeweza kumthibitishia hivyo nilikuwa mimi. Tulimzika akiamini kwamba alisahau.