Mbwa wa Marehemu Kabula Amekataa Kuhamia Itetemia

Jina la mama huyu tumelificha kama alivyotuomba. Maneno ni yake mwenyewe.

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mnyamwezi, Mkatoliki. Mume wangu alikuwa fundi seremala wa reli hapa Tabora. Tulipanga nyumba mtaa wa Cheyo miaka mingi, na Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti, nitamwita Kabula. Kiangazi cha mwaka juzi surua ilipita mtaani kwetu ikaondoka naye. Alikuwa na miaka tisa.

Kabula alikuwa na mbwa wake, alimlea tangu hajafungua macho. Akampa jina la Shikamoo. Nilimkemea, nikamwambia hilo si jina la mbwa. Akanijibu, "Mama, nikimwita, watu wazima wote wataitikia." Na kweli, akipaza sauti uani, wazee waliokuwa wakipita njiani waliitikia "Marahaba, mwanangu," naye anajificha nyuma ya mlango akicheka.

Baada ya msiba mume wangu aliacha kazi ya reli. Alisema hawezi tena kuingia katika nyumba ile, kila pembe anamwona mtoto. Mjomba wake akampa shamba huko Itetemia, kando ya njia ya zamani waliyopita wapagazi wa pembe za ndovu. Aliponiuliza kama nakubali, sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilifunga vyombo tu.

Nyumba aliijenga vizuri, sina la kulalamika. Akalima mahindi, karanga na viazi, na nyuma ya jiko akanitengenezea bustani ya mchicha na maboga. Watu husema paka hushika nyumba, mbwa humfuata mtu. Kwetu ilikuwa kinyume. Paka wetu aliingia ndani ya kihenge cha nafaka siku ile ile tuliyohamia, na mvua zilipoanza alikuwa ameshazaa humo. Mbwa alilala barabarani, ameelekeza pua mjini. Hakugusa chakula. Asubuhi moja jirani yangu alinisalimu, "Mwangaluka, mayu. Mbwa wako nimekutana naye, anakwenda zake mjini, hata hageuki."

Alikuwa amerudi Cheyo. Nilimfuata, nikamleta na kumfunga. Akakata kamba kwa meno akarudi tena.

Safari ya pili nilimkuta uani kwenye nyumba yetu ya zamani, amelala miguuni kwa mtoto wa kike aliyekuwa akichambua mchele. Mtoto alimwita Rafiki. Nilisimama mlangoni, nikaita, "Shikamoo!" Mbwa akainuka, akaja mbio, akanilamba mikono, akanizunguka mpaka nikadhani tunaondoka wote. Kisha akarudi kwa yule mtoto akalala tena.

Mama wa mtoto alitoka jikoni. Ni wageni kutoka Songea, mume wake ni karani. Nilipomweleza habari za Kabula, alikaa chini pale pale mavumbini akalia nami, na hatukuwa tumejuana.

"Dada," akasema, "mwanangu hapa hakuwa na mtu wa kucheza naye. Watoto wanamcheka anavyosema. Lakini mbwa ni wako. Subiri nimwingize mtoto ndani, umchukue asione."

Sikuweza. Niliondoka mikono mitupu.

Nilimkuta mume wangu shambani, nikamweleza. Alinisikiliza, akasema, "Mwache akae huko." Ndipo nikatamka neno ambalo sijui lilitoka wapi. Nikamwambia, "Wewe umeshapata maboga, mwanao umemsahau."

Jembe lilimponyoka mkononi. "Unadhani nalima kwa sababu nina furaha?" akasema. "Mama Kabula, nikikaa chini nitakufa. Wewe unalia ndani, mimi nalilia hapa. Ulitaka nilie wapi?" Akaokota jembe, akaendelea kupalilia. Nami nilirudi jikoni, kwa sababu sikujua nimguse vipi mtu niliyeishi naye miaka yote hiyo.

Tangu siku ile tunasema yanayobidi tu: chumvi imekwisha, kuku ameatamia, mvua inakuja. Boga la kwanza la bustani alilikata mwenyewe, akaliweka mlangoni pa jiko. Nililipika. Tulikula tumeinamisha vichwa.

Sasa wiki iliyopita yule mama wa Songea amekuja kwa miguu mpaka Itetemia, amebeba mbaazi za kunizawadia. Mume wake amehamishiwa Dodoma. Wataondoka kwa treni mvua zikikatika. Akasema, "Dada, nimekuja kuomba, sijaja kuchukua. Ukikataa, nitamwambia mwanangu ukweli, atalia, atanyamaza. Ukikubali, nitamtunza kama mtoto wa watu." Mume wangu alimkaribisha vizuri, lakini alipoulizwa alisema, "Mwenye mbwa ni mke wangu." Akatoka nje.

Ndugu zangu, Kabula sina picha yake hata moja. Nguo zake niliwagawia binamu zake kama desturi. Kilichobaki duniani ambacho mkono wake ulikilisha ni mbwa huyu. Nikimkubalia yule mama, nitakuwa nimemzika mwanangu mara ya pili, na safari hii kwa ridhaa yangu. Nikikataa, nitakuwa nimemfunga kwa kamba mnyama asiyetaka kukaa nami, na kumliza mtoto asiye na kosa.

Yule mama anangoja jibu langu. Ninyi mliopata kuzika mtoto, na ninyi mliohama mkaacha kaburi nyuma, nisaidieni mawazo. Nimwache apande treni, au nikamchukue? Na mume wangu, ambaye kila jioni nasikia jembe lake hata giza likiingia, nianze kusema naye kwa neno gani?