Baba Mkwe na Besi wa Julai

Baba mkwe wangu alionja samaki kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na moja, na nasema wazi kwamba ningefurahi kama angeendelea na sukuma wiki zake.

Shida ilianzia hospitalini. Daktari alimwambia presha imepanda, aachane na nyama nyekundu, ale samaki. Mzee aliletwa huku Trans-Nzoia na wazazi wake kutoka Mkoa wa Kati akiwa mtoto, na nyumbani kwao samaki alikuwa kitu cha kusikia tu watu wengine wanakula. Wa sokoni akawakataa. "Hujui wamekaa kwa barafu siku ngapi," alisema. Alitaka kuvua wake mwenyewe. Na kwa kuwa binti yake aliolewa na mtu wa Bumula, kule Bungoma, aliyekulia kando ya mto, ndoano mkononi, yaani mimi, nikapata kazi ambayo sikuiomba.

Kwetu Bungoma mtu hamjibu baba mkwe hivi hivi. Humkatizi, humkosoi, hata akisema jua linatokea upande wa Uganda. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Kitale; kutwa nzima kazi yangu ni kukosoa. Lakini mbele ya mzee huyu nilikuwa nimekaa miaka tisa nikisema "ndiyo, baba".

Karibu na shamba lake kuna bwawa la zamani. Ndani mna ngege, na mna samaki mwingine ambaye watu wa pale humwita besi: mgongo wa kijani, mdomo mpana, anayekula samaki wenzake na vyura. Majirani hulifunga bwawa mvua za Aprili zikianza ili samaki wazaane, kisha hulifungua Julai. Na Julai ya Kitale mnaijua kwa baridi yake. Besi akiwa katika maji baridi hana haraka na chochote. Analala chini kabisa, anangoja jua lipashe maji ya pembeni, ndipo asogee kutafuta chakula. Kwa hivyo huendi mapema. Unakunywa chai yako taratibu, unafika saa tatu na nusu, saa nne.

Siku ya kufunguliwa, simu yangu ililia saa kumi na moja na nusu asubuhi.

"Mkwe, mimi nimefika. Wewe uko wapi?"

"Nakuja, baba."

Nilimkuta amevaa makoti mawili na gambuti, ameketi juu ya debe la maziwa aliloligeuza. Ukungu ulikuwa mzito hata maji hayaonekani. Nilimfungia chambo, ngege mdogo, kwenye fimbo yangu ya pili ya kuvulia, nikamwonyesha pa kutupa. Baada ya dakika moja aliivuta ndoano nje.

"Unafanya nini, baba?"

"Naangalia kama imeliwa."

Aliangalia hivyo asubuhi nzima. Katikati ya kuangalia, alipiga debe kwa visigino ili apashe miguu joto, du, du, du. Alinieleza habari za ng'ombe wake aliyekataa kushika mimba. Alinieleza habari za mbwa wa jirani. Kisha akaanza kunifundisha kuvua, kwa sababu alikuwa ametazama video kwa simu wiki nzima.

"Huyo jamaa wa video anavuta hivi, anatingisha, anavuta. Wewe umesimama tu kama mlingoti."

"Ndiyo, baba."

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Moyoni nilihesabu madaftari ya hesabu niliyoyaacha mezani bila kusahihisha, nikaona hata hayo ni starehe.

Karibu saa nne jua likatoka. Ukungu ulipanda, na kando ya matete, mahali ambapo maji hayafiki magotini, nikaona kivuli kirefu kimetulia. Besi, tena mkubwa. Nilitupa chambo changu polepole, hatua mbili mbele yake. Kivuli kikageuka. Kikasogea.

"Ati hapo karibu kuna nini?" mzee akapaza sauti, akisimama. "Si utupe mbali! Wakubwa wako katikati bana!"

Debe likabiringika kwenye mteremko na kutumbukia majini kwa kishindo. Kivuli kikatoweka.

"Baba, nyamaza! Kaa chini unyamaze!"

Ni mimi niliyesema. Nilitazama nyuma kana kwamba kuna mtu mwingine pale. Mzee alinitazama, akatoa kofia, akairudisha kichwani, kisha akaketi kwenye majani yenye umande. Nusu saa nzima nilitamani arudi kwenye habari za mbwa.

Kisha fimbo aliyokuwa ameilaza chini ikaanza kutambaa kuelekea majini. Aliikanyaga kwa gambuti, akaishika kwa mikono miwili, na badala ya kuzungusha kigurudumu cha uzi akarudi kinyumenyume juu ya mteremko kama mtu anayevuta ndama anayezaliwa. Kila nilichojua kuhusu uvuvi kilisema uzi utakatika. Haukukatika. Besi alitoka akajipigapiga kwenye nyasi, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mimi sikupata hata kiluwiluwi.

Mzee hakutaka kumgusa. "Ana macho mabaya," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee niliyopata hadi nyumbani.

Mama mkwe alitukuta mlangoni, akachungulia ndoo. "Hiyo haiingii kwa sufuria yangu."

Basi nikapika mimi, nje, kando ya zizi, kwenye kikaango cha kuazima, mama mkwe akinitazama kutoka dirishani. Mkwe anapika kwa wakwe zake! Mzee aliomba kichwa kiondolewe kwanza. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Si mbaya," alisema. "Ni kama kuku aliyeanguka mtoni."

Jioni nilimpigia baba yangu Bumula, nikamweleza yote.

"Ulimwambia anyamaze? Baba ya bibi yako? Sasa umeharibu kabisa. Peleka jogoo. Na useme pole ukiwa umesimama."

Jumamosi iliyofuata nilienda, jogoo kwapani, maneno nimeyapanga. Nilimkuta mzee uani na fimbo mpya, anajifunza kutupa. Uzi ulikuwa umeshika kamba ya nguo, ukazunguka mti wa parachichi, ukaishia kwenye pembe ya ng'ombe.

"Baba," nilianza, "siku ile nilikukosea heshima…"

"Siku ile nilikuwa na kelele," alisema. "Mama yenu huniambia ninyamaze kila siku. Lakini yeye hajawahi kuniletea jogoo. Mweke hapo, ukuje ushike huku."

Nilishika. Nikaanza kufungua mafundo kutoka upande wa ng'ombe, naye amesimama nyuma yangu.

"Si hivyo, mkwe. Video inasema uanze na upande ule mwingine."

Nilianza na upande ule mwingine.