Propela Ndani ya Gunia la Viazi

Kabla sijajua kusoma saa nilijua kusoma kifua cha mdogo wangu. Lusungu alipokuwa mzima kifua chake hakikutoa sauti yoyote. Pumu ikianza kumbana kilipiga mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka, na mluzi ukizidi Mama aliacha chochote alichokuwa akifanya, hata kama ugali ulikuwa bado motoni. Tulilala chumba kimoja mimi na yeye, katika nyumba yetu iliyo juu ya bonde, upande wa Njombe unaoelekea Makete, ambako mwezi wa sita umande huganda juu ya majani ya viazi na watu huvaa makoti kutwa nzima. Wageni huisifia sana baridi ile. Mimi niliichukia, kwa sababu ilimnyonga mdogo wangu, na nilikuwa mtoto wa kuchukia vitu kwa moyo wote.

Majira ya mvua kwetu tunayaita kifuku, na kifuku kilichotangulia mwaka ninaousimulia kilitaka kutuachia msiba. Lusungu alibanwa mchana, mvua ikinyesha, na gari la abiria halikuwa limepanda kijijini kwa sababu ya utelezi. Mama alimfunga mgongoni, akamfunika kwa nailoni ya mbolea, wakapanda bodaboda mpaka hospitali ya mjini. Walifika, lakini mtoto alikuwa wa kijivu na meno yamekaza. Mganga alimwambia Mama kwamba mtoto wa namna ile hatakiwi kupigwa na upepo na mvua njiani, na kwamba safari nyingine kama ile hawezi kuivumilia. Baba alipoyasikia hayo alikwenda kuiangalia misindano yake, miti aliyoipanda mwaka niliozaliwa mimi, ambayo ilikuwa bado haijakomaa, akasema ataiuza hivyo hivyo. Tutanunua gari la kupanda matope, tena lenye paa na milango, kabla ya kifuku kingine.

Gari tulikwenda kulichagua Makambako, sote wanne, kwa sababu Mama alikataa kubaki. Kule kulikuwa na mfanyabiashara aliyeitwa Mzee Athumani, mtu wa kanzu na kofia safi, ambaye uwanja wake ulijaa magari yaliyochoka ya kila aina. Baba alilipenda moja dogo jekundu lililong'aa kama la harusi. Mzee Athumani alimtazama, akacheka. "Mwanangu, hilo ninaweza kukuuzia sasa hivi na nikala faida yangu," akasema, "lakini wewe umekuja na mtoto mgonjwa. Usinunue rangi. Lala chini, utazame chasisi." Baba akalala chini na suti yake ya kanisani, akagonga vyuma vya chini kwa spana. Vya lile jekundu vilijibu kwa sauti ya debe bovu, na kutu ikamwangukia usoni. Kwenye kona ya uwanja ilisimama Landrova iliyobanduka rangi, haina vioo vya nyuma, viti vimeliwa na panya, lakini ilipogongwa chini ililia kama kengele. Mama hakugonga kitu. Aliingia ndani na Lusungu, akafunga milango, akalowesha kidole kwa mate, akakipitisha kwenye kila upenyo kutafuta upepo unaingilia wapi. Aliposhuka alikuwa na orodha yake kichwani, na Baba alijua kwamba bei ya gari ilikuwa mwanzo tu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya mabishano. Kila Jumamosi Baba alishuka Makambako kwa lori la mbao, akarudi na kipuri kilichotumika: springi za gari lililopinduka, breki za gari jingine, matairi yenye meno makubwa ambayo mtu mwingine aliyaona yamezeeka. Baba alitaka matairi kwanza. Mama alitaka vioo kwanza. "Gari likikwama na vioo vyake, mtoto atakuwa mkavu," alisema, na Baba akajibu, "Likikwama, Mama Upendo, ukavu wake utatusaidia nini?" Upendo ndiye mimi, na nilichoshwa na jina langu kutumiwa katika ugomvi. Tulikuwa tunakimbizana na mawingu. Kila jioni nilitazama upande wa milima ya Kitulo kuona kama weusi umeanza kujikusanya, kisha nikatazama uani kuona kama gari limefungwa mlango wa kushoto.

Kitu pekee kisichokuwa cha lazima kilikuwa honi. Ya kwanza ilikuwa imekufa, na Baba alisema honi ni ya watu wa mjini, kijijini mbuzi wanajua kupisha. Lakini Lusungu hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Tulipocheza kwa kuitana bondeni yeye alinyanyua mkono tu, na wenzetu wakamcheka. Aliomba honi, na hakuomba kitu kingine chochote. Baba akapekua uwanja mzima wa Mzee Athumani, akarudi na honi ya lori la mizigo. Siku ilipofungwa, Lusungu aliibonyeza, kuku wakaruka juu ya paa, na bonde zima likamjibu. Alicheka mpaka Mama akaogopa kicheko kitamletea pumu.

Ndipo likaja suala la propela. Propela ni chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Gari la kawaida linayo moja, ya kwenda nyuma. Landrova inazo mbili, na ile ya mbele ndiyo inayofanya magurudumu yote manne yavute kwenye matope. Madereva wengi wa kwetu huifungua ya mbele wakati wa kiangazi, wakisema inakula mafuta bure, na kila mtu aliyelikagua gari letu alimwambia Baba aifungue. Akaifungua. Mama alimkuta akifuta mikono. Akauliza, "Hicho kinafanya kazi gani?" Baba akamweleza. "Sasa si ndicho tulichokinunulia gari?" Baba akasema mafuta ni ghali, na atakirudisha kifuku kikikaribia. Mama aliichukua propela, akaipaka grisi, akaivika gunia la viazi, nati na bolti zake akazifunga kwenye pindo la kitenge chakavu, na vyote pamoja na spana akavisukuma chini ya benchi la nyuma. Baba alinung'unika kwamba gari limegeuzwa stoo. Gunia liligongagonga kila tulipopita kwenye mashimo.

Mawingu hayakungoja ahadi ya Baba. Alikuwa amepanga kuirudisha propela Jumatatu, kwa sababu Jumapili gari lilitakiwa kanisani kuombewa na hakutaka kwenda ibadani na kucha za grisi. Mchungaji aliliombea, akaweka mkono juu ya boneti, watu wakaitika amina. Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada, kama ilivyo desturi yetu Walutheri, pale mayai na kuku walioletwa sadaka huuzwa kwa anayepanda bei. Kuku mmoja akamponyoka mnadishaji, watoto tukamkimbiza, na Lusungu akasahau nafsi yake akakimbia nasi. Ukungu ulishuka ghafla, ukafuatiwa na mvua ya kwanza ya mwaka, ya baridi kali. Nilipomshika mkono mdogo wangu nilisikia mluzi. Halikuwa birika la kawaida. Mabega yake yalipanda na kushuka, na pampu yake ya dawa, Mama alipoibonyeza, haikubadili kitu.

Ili kufika mjini unashuka bondeni, unavuka kijito, kisha unapanda mlima wa udongo mwekundu ng'ambo ya pili. Tulishuka vizuri. Tulivuka. Katikati ya mlima magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma taratibu likielekea korongoni. Baba alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Akasukuma kile kirungu kifupi cha kuamsha magurudumu ya mbele, akasahau kwamba hakina cha kuamsha, akakisukuma tena. Nilimwona usoni alipokumbuka. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa hivyo, na tangu siku ile sikuweza tena kuamini kwamba wazazi wanajua kila kitu. Mama alikuwa ameshashuka, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. "Baba Upendo," akasema, "gunia lipo."

Propela ni nzito, mmoja lazima aishikilie juu wakati mwingine anaingiza bolti. Wakaingia wote wawili chini ya gari, Mama na gauni lake la Jumapili, kwenye maji mekundu yaliyokuwa yakitiririka kama mfereji. Kabla ya kuingia alinipakatisha Lusungu, akamkalisha wima kifuani kwangu kwenye kiti cha mbele. "Mtazame midomo," akaniambia. "Ukiona inageuka rangi, piga honi. Usingoje." Akafunga mlango, na mle ndani hapakupita upepo hata kidogo.

Niliitazama midomo ile mpaka macho yakaniuma. Chini yetu nilisikia spana, na Mama akiongea Kibena kitupu, lugha aliyoitumia akiwa hana muda wa kuchagua maneno. Mluzi ulianza kupungua, na mtu asiyejua angefurahi. Mimi nilijua kwamba mluzi hupungua pia pale hewa inapokuwa haipiti kabisa. Midomo ikaanza kugeuka, pembeni kwanza. Nikapeleka mkono kwenye honi. Lusungu akaudaka. Hakuwa na pumzi ya neno hata moja, lakini alitikisa kichwa, akaelekeza kidole chini, kule spana ilikolia. Nikaelewa. Nikipiga honi, watatoka. Wakitoka, propela itaanguka matopeni na wataanza upya. Mtoto ambaye alikuwa hajaanza hata shule alikuwa amepiga hesabu hiyo akiwa anakata roho, na mimi dada yake sikuwa nimeipiga. Nilimwambia, "Lusungu, niachie," nikilia. Alikaza. Sikujua nimtii nani, Mama au yeye. Nilikuwa bado nashindana na vile vidole vidogo vya baridi mlango ulipofunguka na Baba akaingia akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi viatu.

Alikisukuma kirungu. Gari likatetemeka, kisha nikalihisi likijivuta kwa mbele, kama ng'ombe aliyekubali jembe. Tulipanda polepole, Mama amedandia nyuma kwa sababu hakutaka kupoteza muda wa kuzunguka kufungua mlango. Hospitalini walimvika Lusungu barakoa ya mvuke wa dawa, na mimi nilisimama mlangoni nikisubiri kusikia sauti niliyoichukia maisha yangu yote. Mluzi uliporudi nililia kwa furaha. Baba alikaa ukumbini akidondosha tope kwenye sakafu safi. Mama alikaa karibu naye, akaanza kumtoa udongo masikioni kwa pembe ya kitenge.

Sasa mlima ule una lami, na malori ya parachichi huupanda kifuku na kiangazi bila dereva kubadili uso. Wanangu hawanielewi ninapowasimulia, wanadhani nimeongeza chumvi. Dawa ya pumu Lusungu huibeba mfukoni, na anapojisikia vibaya anajua la kufanya kabla hatujamuuliza. Baba alitangulia mbele ya haki, na Landrova iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini Lusungu aliifungua honi yake kwanza, akaifunga kwenye pikapu anayobebea parachichi kwenda Makambako. Kila apitapo katikati ya mlima ule, hata kama barabara ni tupu, huibonyeza mara moja, kwa nguvu. Wageni wanafikiri anamsalimia mtu. Mama, ambaye bado anaishi ng'ambo hii ya bonde, husimamisha kisu katikati ya kiazi akasikiliza mpaka mwangwi uishe.

"Haya," husema, "anapumua." Kisha anaendelea kumenya.