Nilimpa Mfadhili Sauti ya Marehemu

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana Voi ni mji mdogo na wanaonijua wamejaa humu kwenye page. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa, nafundisha kompyuta katika shule ya upili. Wenye matusi mtatukana tu, najua, lakini nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Miaka minne iliyopita mimi na rafiki yangu, nitamwita Mwakio, fundi wa kompyuta hapa mjini, tulianzisha kikundi cha kueneza programu huria. Kwa wasiojua, hizi ni programu za bure ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzigeuza na kumpa mwenzake. Tulichukua kompyuta zilizotupwa na maofisi, Mwakio akazifufua, mimi nikazitia programu, tukazipeleka shule za Wundanyi na Bura, mpaka Taveta. Hakuna aliyetulipa. Watu walituona tumerukwa na akili, na siku nyingine hata mimi nilikubaliana nao.

Baadaye tukapata wazo la kompyuta inayozungumza Kidawida, lugha yetu Wataita, ili wazee wenye macho dhaifu na watoto wadogo wasikie badala ya kusoma. Mamake Mwakio, aliyekuwa akiishi Bura, alijitolea kutupa sauti yake. Tulimrekodi sebuleni kwake wiki tatu, tukisimama kila kuku alipoingia ndani. Kila neno aliliongezea "mwanangu". Fungua, mwanangu. Andika, mwanangu. Tulipomwomba aache, alisema hawezi kumwamuru mtoto wa mtu bila kumwita hivyo. Siku ya mwisho alinigeukia akaniuliza, "Sasa hii sauti yangu hamtaiuza?"

Nikamjibu, "Hapana, Mama. Hii ni ya kila mtu, hakuna anayeweza kuiuza."

Alifurahi, akatuchinjia kuku. Mwaka uliofuata presha ilimwondoa, na pale msibani nililia kama binti yake wa kuzaa.

Baada ya mazishi kikundi kilianza kukwama. Vipuri hatuna, mafuta ya kupanda milimani hatuna, na shule zinapiga simu kila siku. Ndipo nikaanza kuzunguka kwenye makampuni kutafuta ufadhili. Nilipeleka barua mpaka soli za viatu zikaisha. Huku naambiwa nirudi wiki ijayo, kule naambiwa meneja hayuko na mimi namwona kwenye kioo anakunywa chai. Mmoja aliniuliza, kama vitu vyenu ni vya bure, pesa mnataka ya nini? Nilitoka pale nikaenda kulia chooni kwao.

Hatimaye kampuni moja inayouza taa za sola ikatuita Mombasa. Walikubali kutulipia usafiri, vipuri na mafunzo ya mwaka mzima. Mwakio alikuwa na kazi siku hiyo, akaniambia niende peke yangu, kwamba mimi ndiye mwalimu na nikiona sawa basi ni sawa.

Ukurasa wa saba wa mkataba ulisema rekodi zetu zote za sauti zitakuwa mali ya kampuni, na itazitumia kwenye matangazo itakavyo. Hapa ndipo naomba mnielewe vizuri. Sikudanganywa. Nilikisoma hicho kipengele mara tatu pale mapokezi. Sisi watu wa programu huria tuna ugonjwa wetu: tumezoea kuamini kwamba kitu ukishakigawa kwa wote hakuna wa kukuchukulia. Nilijifariji hivyo. Lakini ukweli ni kwamba nilichoka kuonewa huruma, na niliogopa kurudi Voi mikono mitupu tena. Nikasaini, nikawakabidhi na rekodi.

Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa dukani kwa Mwakio tunafungua mashine mbovu. Lori la matangazo la ile kampuni likapita barabarani. Tukasikia kwa Kidawida, kwenye spika kubwa, "Fungua, mwanangu," kisha muziki, kisha mtangazaji anapayuka bei za taa. Likarudia tena na tena. Mwakio aliweka bisibisi chini, akatoka, akalifuata lile lori kwa miguu. Nilimkuta karibu na stendi, ameketi kando ya barabara, uso ameufunika kwa mikono.

"Mwalimu," akaniuliza, "wameipata wapi?"

Nikamwambia sijui, lazima wametuibia. Maneno hayo yalitoka haraka kuliko nilivyofikiri, na tangu siku hiyo ninaishi ndani yake. Mwakio amewaambia dada zake na mchungaji wao. Kila mtu anailaani kampuni. Mimi wananipa pole na chai, eti nilidanganywa na watu wa mjini kwa sababu nina moyo mweupe.

Sasa wamepata wakili, na kampuni imemjibu kwamba ukurasa wa saba wa mkataba unaipa haki. Jumamosi hii tunaenda kwake, na natakiwa niandike na kuapa kwamba ukurasa ule sikuonyeshwa. Mwakio ameniambia mimi ndiye shahidi wao, bila mimi hawana kesi. Hajui kwamba nakala ya mkataba iko kabatini kwangu, na chini ya ukurasa wa saba kuna sahihi yangu peke yake. Kampuni nayo ina nakala kama hiyo. Nikiapa uongo, familia itaaibishwa mbele ya watu kwa ajili yangu. Nikisema ukweli, nampoteza rafiki wa pekee niliyebaki naye, na zile shule zitajua msaada wao ulinunuliwa kwa kitu gani.

Leo asubuhi amenitumia ujumbe: "Asante kwa kusimama na mamangu." Nimeufungua mara nyingi, sijajibu, na yeye anaona kwamba nimeusoma. Nishaurini ndugu zangu, nimwandikie nini?